Ana Miaka 25, Figo Zimebaki Asilimia 22: Binti wa Mpanda Kati ya Sahani, Mapenzi na Basi la Mbeya

Mpanda ni mji wa kula, hilo halina ubishi. Mchele unashuka kutoka bonde la Mpimbwe ukiwa bado unanukia, migebuka inapanda kutoka Karema kwenye Ziwa Tanganyika, asali inatoka Inyonga, na mvua zikikolea kina mama wanapanga uyoga wa porini kwenye mabeseni pembeni ya barabara. Jioni ukikatiza karibu na soko la Buzogwe, moshi wa mishikaki na chipsi unakufuata mpaka kwenye bajaji.

Sasa mweke katikati ya harufu zote hizo binti wa miaka 25 ambaye anapita amebana mkoba kwapani, na ndani ya mkoba kuna hotipoti dogo la wali mweupe, kipande cha samaki kisichoonja chumvi, na kabichi iliyochemshwa, maji yakamwagwa, ndipo ikakaangwa. Hela ya chipsi anayo. Ana kibanda chake cha miamala maeneo ya Makanyagio, siku nzuri foleni inafika barabarani. Chipsi ndiyo hazimtaki.

Yeye ni mgonjwa wa figo. Ukimwona huwezi kujua, na hilo nalo ni tatizo lake la kwanza.

Ilianza miaka miwili iliyopita kama utani. Asubuhi uso umevimba, jioni viatu vinabana. Marafiki wakaanza kumtania mapenzi yamemnogea, amenenepa. Kuna mtu aliandika kabisa chini ya picha yake kwamba "mtoto amekubali matunzo". Kumbe yale hayakuwa mafuta, yalikuwa maji. Mkojo ulikuwa na povu kama la sabuni, akadhani ni sabuni ya kufanyia usafi chooni. Kichwa kilikuwa kinamgonga kila siku, anapita duka la dawa, anapewa diklofenaki, anameza, siku inaenda. Kichwa kikirudi, anarudi duka la dawa. Shangazi yake akasema ni malaria sugu. Jirani akasema ni mimba. Na kwa kuwa biashara yake ilikuwa inakwenda vizuri, wapo waliosema karogwa.

Siku alipopimwa presha kwa bahati tu, kwenye banda la upimaji wa bure, nesi aliipima mara tatu akidhani mashine imeharibika. Binti wa miaka 23, presha 170 kwa 110. Kutoka hapo ikawa vipimo vya damu, vipimo vya mkojo, picha ya tumbo, na mwisho safari ya kwenda hospitali ya rufaa ya kanda kule Mbeya, ambako daktari alimchorea figo kwenye karatasi na kuandika pembeni namba 22.

Namba ile ndiyo inayomwamsha usiku. Kila figo ina vichujio vidogo sana, kama milioni moja hivi, na vikifa haviotei tena. Madaktari wanakadiria kasi ya figo kuchuja damu, na kwa lugha ya kueleweka wanaiita asilimia. Chini ya 30 ni hatua ya nne. Chini ya 15 ni hatua ya tano, ambako mazungumzo yanageuka kuwa ya mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo nyingine. Huwezi kujua kwa uhakika kipi kilitangulia, presha kuharibu figo au figo kupandisha presha, maana vitu hivi viwili vinalishana. Ila zile dawa za maumivu zilizomezwa kama karanga hazikusaidia kitu. Daktari alimwambia dawa za kundi lile asiziguse tena.

Watu wengi wakisikia "diet" wanawaza kupungua tumbo. Ya huyu ni habari nyingine kabisa, na ukiitazama vizuri utaona imeupindua ushauri wote wa afya unaoujua. Fungua Instagram sasa hivi. Utaambiwa kula dona, achana na sembe. Kunywa juisi ya parachichi na ndizi asubuhi. Maji ya dafu yanasafisha mwili. Mboga usimwage maji yake, virutubisho vitapotea. Karanga na maharage ndiyo mpango mzima. Kwa mwenye figo nzima, sawa. Kwake yeye, karibu kila mstari hapo ni mtego.

Sababu ni potasiamu. Ipo kwa wingi kwenye ndizi, parachichi, viazi, nyanya, machungwa, dafu, mboga za majani. Figo nzima inaitoa ya ziada kwenye mkojo bila wewe kujua. Figo iliyochoka inaiacha ibaki kwenye damu, na ikizidi inavuruga mapigo ya moyo. Kinachotisha ni kwamba haina kelele. Mtu anaweza kuwa anacheka, yuko kwenye sherehe, kumbe damu imeshajaa, na moyo ukasimama. Ndiyo maana hata ile "chumvi ya wenye presha" inayouzwa madukani anatakiwa kuikwepa, kwa kuwa nyingi ya hizo wamepunguza sodiamu wakaweka potasiamu. Ndugu yake alimletea pakiti moja kama zawadi, kwa upendo kabisa. Ilimbidi ashukuru, kisha aifiche.

Halafu kuna fosforasi, ambayo ikikaa kwenye damu inavuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa na kumfanya mtu ajikune usiku kucha. Hii inakaa kwenye maziwa, karanga, maharage, dona, soda nyeusi za kola, soseji. Na dagaa. Dagaa wa Tanganyika, chakula ambacho amelelewa nacho, kina makosa mawili: wanaliwa na mifupa yao, na wakikaushwa kwa chumvi ndiyo basi tena.

Kwa hiyo sembe nyeupe na wali mweupe, vyakula vinavyotukanwa na kila mtaalamu wa mtandaoni, vikawa marafiki zake. Asali ya Inyonga imebaki kwa kuwa hana kisukari. Nanasi vipande viwili, sawa. Tufaha likipatikana, sawa, ila bei yake Mpanda unaijua. Embe, hapo pana mgogoro. Mwezi wa Desemba embe zinaozea chini ya miti Katavi nzima, watoto wanarushiana kokwa, na yeye anahesabu vipande.

Nyama na samaki hajakatazwa. Hapa ndipo wengi wanachemka: mtu akisikia figo anaacha protini yote, anaisha kama mshumaa. Daktari alimpa kiasi, kipande cha ukubwa wa kiganja chake kwa siku, na akamweleza kwamba siku akifika kwenye mashine kiasi hicho kitaongezeka, kwa sababu mashine inapoteza protini. Chakula cha mgonjwa wa figo hakifanani kutoka mtu mmoja hadi mwingine, wala hakifanani kwa mtu yuleyule mwaka huu na mwaka ujao. Kuiga orodha ya mgonjwa mwingine uliyemkuta mtandaoni ni kama kuvaa miwani yake.

Vita vyake vikubwa zaidi, hata hivyo, ni chumvi. Kiwango kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima yeyote ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani hata kijiko kimoja cha chai hakijai. Sasa tafuta gramu 5 kwenye maisha ya Mpanda. Chumvi imo kwenye mkate. Imo kwenye viungo vya pakiti vya mchuzi. Imo kwenye tomato sosi inayomwagwa juu ya chipsi ambazo tayari zimenyunyiziwa. Na kuna magadi, ambayo wengi hawayahesabu kabisa. Kwa bibi zetu maharage hayaivi bila magadi, mlenda hauvutiki bila magadi, kisamvu hakilainiki bila magadi. Magadi ni sodiamu ileile kwa jina la nyumbani.

Amejifunza kupika upya. Viazi, siku akivitamani sana, anavimenya, anavikata vidogovidogo, anavichemsha kwenye maji mengi, anamwaga, anachemsha tena kwa maji mapya, anamwaga. Kinachobaki ladha yake ni kama karatasi iliyowahi kukaa karibu na kiazi. Anakikaanga na kitunguu, swaumu, tangawizi, ndimu kidogo na pilipili manga, na siku nyingine kinalika vizuri tu. Mama yake mwanzoni alikuwa anaona aibu kumwaga maji ya mchicha, kama mtu anayetupa chakula. Siku hizi anamwaga mwenyewe, ila anageuza uso.

Maji nayo yanapimwa. Joto la Oktoba pale Mpanda unalijua, lami inang'aa, na yeye ana chupa moja ya lita na nusu kwa siku nzima, ndani yake uji na chai vikihesabiwa, kwa sababu miguu bado inavimba. Kuna mwingine mwenye ugonjwa huohuo ataambiwa anywe zaidi. Yeye anapima uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo moja kwa usiku mmoja, anajua si unene.

Na uchovu. Huo watu hawauelewi kabisa. Figo ndizo zinazotoa homoni inayouambia mwili utengeneze damu, zikichoka damu inapungua, na mtu anakuwa kama simu yenye betri bovu: asubuhi 100, saa nne 30. Wateja wanamkuta ameegemeza kichwa kwenye meza ya kibanda. "Dada umelala tena? Jana ulikuwa wapi?" Anacheka, anachukua simu, anatoa hela. Akieleza ataeleza wangapi?

Mtandaoni alijaribu mara moja. Aliandika kwenye statasi yake mistari mitatu tu kwamba ana tatizo la figo na anaomba watu wapime presha. Ndani ya saa moja sanduku lilijaa. Wanne wanauza majani ya kusafisha figo. Mmoja ana unga unaotibu figo, ini na nguvu za kiume kwa pamoja, na ukichukua viwili unapewa kimoja bure. Mmoja anamwambia aache dawa za presha kwa sababu ndizo zinazoua figo. Yupo aliyeandika kwa nia njema kabisa, "pole mpenzi, kunywa sana maji ya dafu". Akafuta ile statasi. Mitishamba mingine inaharibu figo nzima, sembuse iliyobaki na 22.

Aliyemtia moyo, ukimuuliza, ni staa ambaye hajawahi kumwona. Selena Gomez, mwaka 2017, aliwaonyesha mashabiki picha yake yupo kitanda jirani na cha rafiki yake Francia Raisa aliyempa figo, baada ya ugonjwa wa lupasi kumharibia zake. Akaendelea kuimba na kuigiza. Alonzo Mourning, mcheza kikapu, alipandikizwa figo mwaka 2003 na mwaka 2006 akabeba ubingwa wa NBA na Miami Heat. Ni Marekani, sawa, hela ipo. Lakini hata hapa, Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba mwaka huohuo wa 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, wakafuata 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa India.

Mpenzi wake ni fundi simu, kijana mpole, mwenye tabia ya kutengeneza vitu bila kuambiwa. Alikaa miezi minne bila kumwambia. Anasema alikuwa anasubiri siku nzuri. Siku nzuri haikuja, ikaja siku ambayo kijana aliona vidonge kwenye mkoba akauliza moja kwa moja kama ni vya virusi. Akamweleza yote, mpaka ile namba. Kijana alinyamaza siku mbili. Hakupiga, hakuandika. Siku ya tatu akaja kibandani, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akauliza maswali mawili tu: inaambukiza? Na watoto?

La kwanza ni rahisi. Haiambukizi. La pili walikwenda kuliuliza pamoja Mbeya.

Safari ya Mbeya ni habari ya siku nzima. Basi linaondoka alfajiri, linapita Sitalike pale viboko wanapolala mtoni, linakatiza hifadhi ya Katavi, Sumbawanga, Laela, Tunduma. Kila linaposimama dirishani zinaletwa mahindi ya kuchoma, karanga, mayai ya kuchemsha yenye chumvi kwenye kikaratasi, soda. Kijana siku ile alikataa vyote. Alikula wali wa kwenye hotipoti naye, baridi, bila chumvi, na walipofika Tunduma akakiri kwamba hajawahi kula kitu kibaya hivyo maishani. Walicheka mpaka abiria wa mbele akageuka.

Daktari hakuwaficha. Mimba kwenye hatua hii ni hatari kwa mama na kwa mtoto: presha inaweza kupanda vibaya, mtoto anaweza kuzaliwa kabla ya wakati, na figo zilizobaki zinaweza kuishia humo humo. Baadhi ya dawa anazomeza zinadhuru mimba, kwa hiyo isitokee kwa bahati mbaya. Haikusemwa "haiwezekani". Ilisemwa "si sasa, na si bila kupanga". Daktari pia akataka ndugu wa tumbo moja wapime presha na mkojo.

Hapo ndipo mdogo wake wa kiume, ana miaka 19, yuko Dar anatafuta maisha, alipoibuka. Alipima, yuko salama. Usiku akatuma ujumbe: "Dada mimi group O. Nimesoma, mtu anaishi na moja." Kwa hapa nyumbani anayetoa figo huwa ni ndugu, kwa hiyo mtoto hakukosea kuwaza. Ila mama yao aliposikia alilia kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Watoto wawili, meza moja ya upasuaji. Binti alimjibu mdogo wake kwamba bado hajafika huko, na kwamba yeye ni mdogo mno, atulie. Hajamwambia kwamba ule ujumbe hajaufuta.

Upande wa wakwe ndiko kulikochafuka. Mara ya kwanza kupelekwa nyumbani kwa kijana, mama aliandaa kwa heshima zote: ugali wa dona, mlenda, maharage, dagaa wa karanga. Kukataa chakula cha mama mkwe mtarajiwa siku ya kwanza? Katavi? Alikula. Alikula kila kitu, na akasifia. Kesho yake viatu havikuingia, na keshokutwa kibanda hakikufunguliwa. Mara ya pili alikuja na visingizio: ameshiba, tumbo linauma, amefunga. Mara ya tatu mama akamwambia mwanawe, kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni, kwamba huyo msichana anajisikia, au anaogopa atawekewa kitu kwenye chakula.

Kijana alitaka kusema. Binti akamkataza. Aliogopa jambo moja: akishajulikana ni mgonjwa, posa itakufa kimyakimya, kama zinavyokufa posa nyingi, hamna anayesema hapana, wazee wanaacha tu kupokea simu.

Mwishowe akasema mwenyewe, mwezi uliopita. Hakwenda nyumbani. Mama ndiye aliyekuja kibandani kutoa hela ya pembejeo iliyotumwa na mwanawe mwingine, mchana, hakuna wateja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo kidogo mama. Nina jambo."

Akaeleza. Mama hakumkatisha. Kisha akaanza kuuliza, na maswali yake hayakuwa yale yaliyotarajiwa. "Na mlenda?" Unaliwa kidogo mama, bila magadi. "Bila magadi si maji tu hayo?" Ndiyo mama. "Na dagaa?" Hapana. "Migebuka mibichi?" Hiyo ndiyo, kipande. "Siku ile ulikula dagaa." Nilikula mama. "Ukaumwa?" Siku mbili.

Mama akatazama barabarani muda mrefu. Akasema shemeji yake alikufa kwa figo, wakati huo hawakujua hata inaitwaje, waliuza ng'ombe wanne kwa waganga. Kusafisha damu kwa mashine wanasema ni mara tatu kwa wiki na kila mara ni hela ya laki, hilo alilisikia kwa watu, akataka kujua kama ni kweli. Binti akamwambia ni kweli, ndiyo maana anakula vile anavyokula, ili asifike huko, au achelewe sana kufika. Namba ya mwisho kliniki ilikuwa 21. Kwa mwaka mzima imeshuka moja.

"Moja tu?"

"Moja mama."

"Na watoto je?"

Angeweza kudanganya, hakuna aliyekuwepo. Akamwambia alivyosema daktari, neno kwa neno, bila kupunguza.

Mama alikunja risiti yake mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga. Akasema ataongea na baba yake kijana. Akatoka, akarudi hatua mbili, akauliza kama kisamvu nacho kinamwagwa maji. Kinamwagwa, mara mbili. Akaguna, akaondoka.

Posa ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Mpaka sasa hakuna aliyesema imeahirishwa, na simu za upande ule bado zinapokelewa. Kliniki inayofuata ni wiki mbili zijazo, tiketi mbili zimeshakatwa, na fundi simu anasema safari hii atabeba pilipili.